Mgongo wa Kaka Yake

Kaka yake alikubali kuchorwa kwa sharti moja tu, kwamba atakaa amempa mgongo. Mchoraji hakubishana. Alikuwa amembembeleza kwa miaka, tangu lile tanki la mafuta limlipukie karakanani alipokuwa akilichomelea, likamwachia kovu lililoanzia sikioni, likapita shavuni na kuukunja mdomo upande mmoja. Tangu hapo hakupigwa picha ila ya kitambulisho, nayo kwa kulazimishwa.

Basi akawa anakuja Jumapili mchana kwenye chumba alichokodi dada yake nyuma ya duka la fundi cherehani, anakaa kwenye stuli, anautazama ukuta.

"Chora upesi," alimwambia siku ya kwanza. "Mgongo hauna kope, hautapepesa."

Dada mtu alicheka, akakoroga rangi. Lakini kazi haikumwendea vizuri. Alipaka, akafuta kwa kitambaa chenye tapentaini, akapaka tena. Kisogo kikatoka kama kiazi, mabega kama ya askari kwenye gwaride. Alichelewa kugundua kwamba kaka yake akinyamaza hujikaza, na akizungumza mabega hushuka yenyewe. Ndipo akaanza kumchokoza kwa maswali, mara ya utotoni, mara ya kazini, mara ya nyumbani kwake. Na yule mtu ambaye ukimtazama usoni hukujibu kwa mkato, mbele ya ukuta mtupu alifunguka.

Jumapili moja alimweleza habari ya chakula. Aliporudi kutoka hospitali, binti yake, wakati huo hata kusema hajaweza sawasawa, alimtazama baba akitafuna, akaangua kilio, akasukuma sahani yake, asiguse kitu mpaka baba alipoondoka mezani. Tangu siku ile akawa anakula jikoni peke yake, wenzake wakishamaliza. Alimwambia mkewe kwamba ni vidonda vya tumbo, vinamtaka ale taratibu na kwa saa zake. Mkewe akaamini, akaacha kutia pilipili kwenye mboga. Binti akakua, akavaa sare ya shule, akawa msichana wa kutumwa sokoni, na baba yake yuko jikoni bado.

Mkono wa mchoraji ulikuwa unakwenda wenyewe, na siku ile ndipo alipoyapata mabega.

Picha ilipokauka, maktaba ya mtaani ikamwalika aionyeshe pamoja na nyingine mpya, na aeleze alivyozifanya. Alialika familia nzima. Kaka yake, ambaye hakumtarajia kabisa, alikuja, akachagua kiti cha nyuma karibu na mlango, kofia ameishusha. Wifi yake alikaa mbele na binti yule, ambaye kila likizo alikuwa hatoki kwa shangazi yake na kusema akikua naye atakuwa mchoraji. Wifi alipoiona picha alicheka mpaka akajifuta machozi, akawaambia waliokaa naye kwamba hata shati ni lile lile analomwimbia mumewe kila asubuhi achomekee.

Mchoraji akaanza kuzungumza. Alieleza jinsi alivyoipaka turubai rangi ya majivu kwanza, ili rangi ya ngozi ikija juu yake ipate uhai. Akaeleza ni mara ngapi alifuta shingo. Watu walimsikiliza kwa adabu, lakini huku mmoja anapiga miayo, kule mwingine anatazama simu, na yeye akaona wanamponyoka. Ndipo mama mmoja akauliza: mbona mabega yale yanamtia huzuni, na uso wenyewe hata hauonekani?

Swali lilimkuna. Akajibu, na katika kujibu akaeleza yote: meza, mtoto aliyesukuma sahani, mwanamume anayekula jikoni na kusingizia tumbo. Hakutaja mtu. Lakini aliusikia ukumbi ukitulia, akaziona shingo zikinyooka kumwelekea, na kule kusikilizwa kukampanda kichwani. Akaongeza hata habari ya mboga zisizo na pilipili.

Alipomaliza, macho yake yakamwangukia wifi. Wifi hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa amegeuka nyuma. Kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu. Binti alikuwa amejiinamia, anatazama mikono yake mwenyewe.

Watu wakapiga makofi.

Siku chache baadaye wifi alikuja kwenye kile chumba, na alipokaribishwa kiti alikataa kukaa. Alisema mumewe anazungumza kama kawaida na anakula jikoni kama kawaida. Yeye kama mke aliyedanganywa miaka yote ile ana yake moyoni, lakini hayo aliyaweka kando kwanza. Kilichomleta ni mtoto. Tangu siku ile hali chakula nyumbani. Anachezea sahani, anasema ameshiba, anaondoka.

"Wewe ulikuwa unatafuta mabega," wifi alisema. "Njoo basi utazame ya mwanangu."

Mchoraji alikwenda moja kwa moja karakanani. Kaka yake alikuwa anakata bomba. Akazima mashine, akavua miwani ya kazi. Dada akaanza kuomba radhi, maneno yanamgongana mdomoni. Akasema ataiondoa picha, hata kuichoma ataichoma.

"Picha haina neno," kaka alisema. "Mgongo nilikupa mwenyewe. Yale mengine nilikuwa nazungumza na dada yangu."

Kaka akapangusa mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, kisha akamwambia anachotaka. Aende kwa mtoto, amwambie kwamba habari ile aliitunga.

"Lakini ni kweli."

"Najua ni kweli. Nilikuwepo."

Mchoraji alimkuta binti uani, anapiga kiwi viatu vya shule. Akakaa kwenye ngazi chini yake, akamwambia kwamba ile habari ya sahani haikutokea, aliitunga mwenyewe. Binti aliuliza kwa nini.

"Watu walikuwa wamenichoka. Nikataka wanisikilize."

Hilo lilimtoka bila shida, maana lilikuwa kweli tupu. Binti aliendelea kusugua kiatu.

"Kwa hiyo Shangazi ulimsingizia baba mbele ya watu wote."

"Ndiyo."

"Na mimi."

"Na wewe."

Binti akafunika kopo la kiwi, akaingia ndani.

Lakini uongo ule, ili usimame, ulimhitaji baba pia. Jioni ile ile alitoka jikoni na sahani yake mkononi, akavuta kiti, akakaa na wenzake. Wifi alimsimulia mchoraji baadaye, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajasamehe, kwamba alikula ameinama, kiganja kimeziba upande ule wa mdomo, na mtoto akala chake chote bila kuinua macho. Wifi mwenyewe aliwapakulia tu. Tangu hapo mumewe huja mezani siku nyingi. Siku nyingine husema tumbo linamsumbua, naye humwacha aende.

Picha ilibaki maktaba. Likizo ikafika, ikapita, na binti hakutokea kwa shangazi yake. Mchoraji akienda nyumbani kwa kaka yake, msichana hutoka kumpokea, humwamkia shikamoo kwa heshima zote, humpokea mkoba na kuuweka juu ya kiti, kisha hupita chumba cha pili na kuurudisha mlango taratibu.