Kishikio cha urembo nimekiweka kuume

Leo fundi amenikasirikia mbele ya mulango wangu mwenyewe!

Mulango ni wa mabawa mawili. Sokoni hapa Kasongo nilichagua vishikio viwili vya kung'aa, vinafanana kabisa. Kimoja kinafungua, kingine ni cha urembo tu, hakizunguki.

Fundi akaniuliza: "Mama, ile ya urembo niiweke kushoto, sivyo?"

"Apana. Iweke kuume."

"Lakini watu wanafungua na mukono wa kuume! Wageni wote watakosea."

"Waache wakosee."

(Municheke tu, iko sawa.)

Bwana yangu anatumia mukono wa kushoto. Yuko Kabambare kwenye machimbo, mwaka wa tatu sasa. Mulango huu hajauona.

Siku atarudi, sitaki aushike kama mugeni.