Kadi ya Mfalme wa Mashetani

Mpangaji wetu wa chumba cha uani, pale Temeke, alikuwa Mmakonde mchonga vinyago. Kuchonga mashetani ya mpingo kutwa nzima hakukumtosha, akatuchongea na nchi ya kuyatembeza. Aliichora kwenye ubao wa sanduku la majani ya chai: mito, mapango, na katikati mji wa Mfalme wa Mashetani. Juu yake tulipanga kadi za maboksi ya sabuni, zimelala kifudifudi. Unarusha kete, unasogeza kinyago chako, unafunua kadi, na ilichosema lazima ukifanye. Ukikuta mto wa asali, unatulia zamu mbili. Ukikuta chatu mwenye ndevu, unamwimbia mpaka alale. Mie nilikuwaga naimba vibaya makusudi, ili akimbie mwenyewe. Kwa Mfalme hakuna aliyewahi kufika.

Kadi aliziandika mume wangu, Mnyamwezi, mbeba mizigo wa bandarini Kurasini. Marehemu alikuwa mtu mwema sana, ila darasa la nne lilimpa kiburi. Ndiye mwandishi, ndiye msomaji, sie wengine tunasomewa.

Mie shule sikupata. Kisomo cha watu wazima kilipokuja nikajiandikisha, ba be bi bo bu, chini ya banda la makuti. Mwalimu wetu binti mdogo, wanafunzi sawa na mama yake, basi kila alasiri inakuwa kazi nani amwamkie nani. Mume wangu alisema tunakwenda kusengenya tu. Labda kidogo, sikatai.

Jumapili moja baada ya chakula mjumbe wa nyumba kumi alikuja kuuliza kama mchezo ule ni kamari. Akaonjeshwa zamu moja, akavua viatu, akakaa. Mbele yake mume wangu akatamka:

"Leo mama asome mwenyewe kadi yake. Akishindwa, kisomo basi."

Mie nilikuwa nimeshakipenda kile kisomo kuliko nilivyojua. Nikarusha kete, nikahesabu, kinyago changu kikaingia mjini kwa Mfalme. Nikafunua kadi, nikafuata kwa kidole. Ku. La. Nikarudia, isije ikawa macho. Kula.

Sinia lilikuwa bado kando, limebakia kichwa cha samaki changu alichowekewa mwenye nyumba, kama ilivyo desturi. Nikakivuta, nikaanza na jicho.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafuata kadi. Imesema kula."

"Siyo kula. Ni kula! Unalusha kete, tuone kama Mfalme atakuachia."

"Ndiyo hiyo, kula."

"Kula, mke wangu. Siyo kula!"

Mmakonde aliinama juu ya ubao, mabega yanatikisika. Mjumbe akaichukua kadi, akaisogeza mbali na macho yake ya kizee.

"Bwana," akasema, "ulitaka kura, umeandika kula. Mkeo kasoma ulichoandika."

Sie watu wa pwani tuna utani na Wanyamwezi, kwa hiyo ruhusa ya kumcheka nilikuwa nayo, mume au si mume. Sikuweza, mdomo ulikuwa umejaa.

Mume wangu akafunua nyingine, akanisukumia. Nikasoma: luka kwa mguu mmoja. Nyingine: umepotea polini. Akakuna kidevu. Halafu akazikusanya zote.

"Kesho ukienda, nenda nazo," akasema. "Huyo binti akuonyeshe pa kutengeneza."

Nikaenda nazo. Binti akazipenda, akazigawa darasa zima, mama watu wazima wakajifunza kutofautisha ra na la kwa makosa ya mume wangu. Naye bandarini akawa anawaambia wenzake kwamba kitabu kinachosomewa kisomo cha Temeke amekiandika yeye.