Matabishi ya Bambu ya Njano

Uongo mimi nautumia kwenye bei tu. Kisa hiki hakuna atakayekinunua, kwa hiyo amini kwamba ni cha kweli.

Nauza maua na miti ya mapambo kando ya barabara, mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi. Kinachonilisha hasa ni bambu, ile mianzi ya njano yenye mistari ya kijani ambayo wenye villa huipanda kando ya ukuta. Naijua: huishi miaka na miaka bila ua hata moja, na ikichanua, inakufa. Wateja siwaambii.

Kiangazi kimoja, jua la saa sita, akaja mama mmoja amejitwika kichaka kizima cha bambu na udongo wake. Mzigo wa wanaume wawili, na shingo yake haikutikisika. Upepo haukuwapo, lakini majani yalinong'ona; alipofungua kinywa, yakanyamaza. Ningekimbia, sivyo? Lakini nilikuwa nimeshaona kwamba bambu ile ilizipita zangu zote.

Akataja bei. Nikaikata nusu, akakubali. Nikaikata tena, akakubali. Umewahi kuona muuzaji wa Lubumbashi asiyeapa kwamba unamuua yeye na watoto wake? Nikahesabu makuta, noti kwa noti, mara mbili, nikampa, kisha nikadai nyongeza, maana hapa kwetu ukinunua bila kuongezewa kitu unajiona umeibiwa.

"Na matabishi, mama?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Iko moja tu, papa. Unaitaka bila kuiona?"

"Leta. Matabishi haikataliwake."

"Basi itakukuta kwako."

Niliinama kuisogeza bambu. Nilipoinuka, barabara ilikuwa tupu huku na huku. Kwenye vumbi, nyayo zilikuwa zangu tu.

Sikuiuza. Mke wangu, Mama Gloire, aliipenda, tukaipanda uani. Wiki ileile macho yake yakawa ya njano, kisha ngozi, na mishipa ya mikono ikajichora kijani kutoka bega hadi kiganja. Hospitali wakasema ini. Dawa nilinunua bila kuomba punguzo, ujue nilivyoogopa.

Siku moja nikachukua panga, nikakata mwanzi mmoja. Ndani ya nyumba akalia. Nilimkuta kidole kinatoka damu, na karibu yake hakuna hata kisu.

"Papa Gloire, acha kuikata," alisema polepole. "Ni miye naumia."

Tangu hapo naimwagilia maji kila asubuhi, kama mtumwa wake.

Nikasikia kwamba villa moja ya zamani kule Karavia ilikuwa na bambu ya namna hiyo. Nikaenda. Mlinzi akanionyesha ardhi tupu: ilichanua, ikakauka yote. Nikamuuliza mwenye nyumba yuko wapi.

"Mama? Alikufa siku yenye ilichanua. Na yeye alikuwa amekuwa njano vile, na mistari." Akatema mate pembeni. "Bwana yake alisemaka aliinunua bei ya bure, na matabishi juu."

Sasa wewe unayesoma, kata bei unavyotaka, hiyo ni haki yako. Lakini matabishi ambayo hujaiona kwa macho, mwachie mwenyewe aondoke nayo.

Asubuhi hii, kwenye ncha ya tawi moja, nimeona kitu kama punje za mpunga. Nimeangalia mara mbili. Ni maua. Mama Gloire ameniita kutoka kitandani, anauliza kama bambu yake iko muzuri.

Nimemjibu, iko muzuri. Uongo wangu wa kwanza usio na bei.