Kumbe mimi ni mfadhili

Leo nimeambiwa mimi si maskini, na nimetoka hapo nikilia.

Mnajua nafagia ofisi hapa Homa Bay. Kila mwisho wa mwezi tunakatwa mshahara, ati harambee ya kutibu watoto wa maskini. Hakuna aliyetuuliza.

Sasa jicho la binti yangu Adhiambo limeziba kabisa. Daktari anasema nimpeleke Kisumu haraka, la sivyo litapotea.

Nikambeba hadi kwa karani wa harambee, nikaomba msaada.

"Mama Adhiambo, wewe uko na mshahara," akasema. "Wewe ni mfadhili. Mfadhili hasaidiwi."

Wenzangu wa kazi waliokuwa hapo wakacheka. "Mfadhili, tununulie chai basi!"

"Niondoe kwenye orodha ya wafadhili," nikamwambia karani. "Niandike maskini, leo hii."

"Hiyo mpaka mkubwa akubali. Na mkubwa yuko Nairobi."

Nikakaa hapo kwenye benchi, sikubanduka mpaka akafunga ofisi.

Njiani Adhiambo akaniuliza kutoka mgongoni, "Mama, pesa yako inatibu watoto gani?"

Nikasema, wa maskini.

"Wamepona?"

Jamani, nyinyi mngemwambia nini?