Mashuka Mabichi

Kwenye duka la dobi alikopiga pasi walimwita Mvuke, na ukiuliza jina alilopewa na wazazi wake hata tajiri mwenye duka alilazimika kukuna kichwa. Mwenyewe hakuona ubaya. Alisema jina ni lile unaloitikia.

Duka lile mbele lilikuwa na kaunta ya kioo, viti laini vya wateja, na kiyoyozi kilichowafanya wajikunyate wakingojea nguo zao. Ukivuka pazia zito unaingia dunia nyingine: mashine za kufulia, karo la simenti la kusuuzia, tangi la maji ya moto linalotokota tangu asubuhi, na meza ya Mvuke katikati ya yote hayo. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilizibwa zamani kwa matofali kwa kuogopa wezi. Mvuke alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mwizi atakayevumilia humo ndani mpaka amalize kukusanya mashati, basi apewe tu, kayatolea jasho.

Mwenzake wa karibu alikuwa msuuzaji, mwanamume wa makamo mwenye mikono mipana, ambaye walimwita Kimya. Huyo salamu yake ilikuwa kutikisa kichwa. Walifanya kazi bega kwa bega miaka mingi, na Mvuke asingeweza kukuambia kama ana mke au hana.

Nyumbani Mvuke aliishi na mama mkwe wake katika chumba kimoja cha kupanga, chini ya bati lisilo na dari. Mumewe alipotangulia mbele ya haki, shemeji zake walidhani atafunga virago. Akawaambia, "Niliyemzika ni mume. Mama bado ninaye." Neno likaishia hapo.

Mwaka ule joto lilikuja mapema likagoma kuondoka. Mtaa wao haukuwa na mti hata wa dawa, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, na bati lililomeza jua kutwa lilikuwa likilitapika usiku. Mama mkwe, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, alilala mlangoni juu ya mkeka, naye Mvuke akimpepea kwa kipande cha boksi hadi mkono unakufa ganzi. Asubuhi anaamka, kama kweli alilala, anakwenda kupiga pasi.

Kazi nayo, badala ya kupungua, iliongezeka. Wenye nacho walikuwa wakibadilisha nguo mara mbili kwa siku kwa sababu ya jasho, na kila shati la pili liliishia mezani kwake. Mwenzao mmoja aliwahi kumwomba tajiri awaruhusu wapumzike saa za jua kali. Akajibiwa kwamba joto ni la wote, hata yeye linamsumbua. Na lilimsumbua kweli, kutoka kwenye gari mpaka mlangoni. Choo cha wafanyakazi kilikuwa ng'ambo ya ua, na tajiri hakupenda kuona mtu akienda mara kwa mara. Kwa hiyo Mvuke alijizoesha kunywa maji kidogo tu, ya kulowesha koo.

Siku yenyewe ilianza na kichwa kuuma. Akadhani ni usingizi. Kufika adhuhuri alikuwa akiongea peke yake, anamwita marehemu mumewe amletee hanga atundike shati. Kimya aligeuka akamtazama. Mara Mvuke akaiweka pasi juu ya shati jeupe, akaiacha hapo, na shati likaanza kutoa moshi. Yeye mwenyewe alikwenda chini polepole, kama nguo inayoteleza kwenye kamba.

Haya yaliyofuata alisimuliwa, kwani hakuyaona. Wenzake walitaka kumlaza pale pale, wamfungulie kanga, wangoje gari. Kimya akamgusa shingo, akaikuta inaunguza kama upande wa tangi. Alimbeba, akalipiga pazia teke, akamtoa mbele ya wateja na kumlaza sakafuni chini ya kiyoyozi. Kisha akarudi mbio, akachota mashuka mabichi kutoka kwenye karo la kusuuzia, mashuka ya mteja mkubwa tu, akamfunika nayo kuanzia shingoni mpaka miguuni. Maji yakatapakaa kwenye vigae. Wateja wakainua miguu.

Tajiri alitoka ofisini akauliza kuna nini, na ni nani kaamuru mashuka ya watu yatumike namna ile. Hapo ndipo Kimya alipoongea, na wote waliokuwepo wanayakumbuka maneno yake, maana yalikuwa mengi kuliko yote waliyowahi kusikia kutoka kwake.

"Mdogo wangu alianguka hivihivi kwa joto kwenye ujenzi," alisema. "Tukamlaza kwenye kibanda cha bati, tukangoja gari. Gari lilipofika, tulipakia maiti. Huyu hangoji popote pa moto. Mashuka nitayafua upya mimi. Leteni ndoo."

Mteja mmoja, mama aliyevaa kiofisi, ndiye aliyesimama kwanza. Aliifuata ndoo nyuma ya pazia, akatoka nayo imejaa, uso umembadilika. Akasema taratibu, "Kumbe mnafanyia kazi humo?" Akapiga magoti, akaanza kummwagia Mvuke maji kichwani, na gari lake ndilo lililompeleka hospitali, akiwa bado amefungwa mashuka.

Mvuke alizinduka wodini, dripu mkononi. Nesi akamweleza kwamba joto lilikuwa limempanda mpaka likaanza kuchezea akili, na kwamba aliyempoza mapema ndiye aliyemwokoa; wao walimalizia tu. Wiki hiyo, nesi akasema, walikuwa wakipokea wapiga zege, wapishi, wachuuzi na vikongwe kutoka vyumba vya bati. Kutoka mtaa wa juu, wenye miti, alikuja mtu mmoja, naye alikuwa mtunza bustani.

Lakini akili ya Mvuke ilikuwa nyumbani. Nani anampa mama maji? Alitaka kung'oa sindano aondoke. Kumbe jirani mmoja mshonaji, waliyesalimiana naye tu wakipishana bombani, aliposikia habari alikuwa ameshamchukua mama mkwe. Chumba chake kilikuwa chini ya nyumba ya ghorofa moja, zege juu, sakafu baridi. Alisogeza cherehani pembeni, akamtandikia mzee pale chini, akamfunga vitambaa vilivyoloweshwa miguuni. Mvuke aliporuhusiwa, alimkuta mama mkwe amelala pale akimfundisha mshonaji jinsi ya kukata shingo ya gauni, kazi ambayo hakuijua hata kidogo.

"Nimeharibu nguo mbili kwa ajili yake," mshonaji alimwambia. "Mwache. Anatuchekesha. Mchana awe anashinda hapa."

Mvuke alimshukuru. Akachukua ndoo za mshonaji akaenda kumjazia bombani. Tangu hapo ndoo zile hazikulala tupu.

Dukani mambo hayakugeuka kuwa ya peponi. Yule mama wa kiofisi alirudi, akaongea na tajiri mlango umefungwa, na baadaye matofali ya dirisha yalibomolewa, pakawekwa nondo na feni. Pasi sasa inaanza alfajiri na kusimama jua likiwa kichwani. Dumu la maji liko mlangoni, na anayekwenda chooni haulizwi. Tangi bado linatokota, na bati la kule nyumbani ni lile lile. Mvuke hasemi kwamba mambo yamekwisha. Husema tu kwamba yeye yupo, na kuna wengi wa wiki ile ambao hawapo.

Siku aliyorudi kazini alisimama mbele ya Kimya na maneno aliyoyapanga njia nzima. Alipofungua kinywa yote yakamtoroka.

"Kaka," akasema, "Mungu akuweke. Uliniona."

Kimya aliendelea kukamua shuka. Akalikung'uta, akauliza, "Mama mkwe anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

"Mke wangu anamwulizia."

Mvuke akacheka mpaka akashika meza. Ndiyo kwanza ajue kwamba ana mke. Jumapili iliyofuata yeye na mama mkwe, kwa mwendo wa polepole na kivuli cha mwavuli wa mshonaji, walikwenda kumsalimia mke wa Kimya.