Kiganja cha Sudi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Ilikuwa stoo ya gereji moja hapa Kibaha, imejaa vyuma chakavu, na Fundi Mkuu alituruhusu kuigeuza studio kwa sharti moja. "Wateja wakifika, mzime hizo kelele." Mwenzangu Sudi, mzaliwa wa Kisarawe, aliitikia, "Ndiyo, mzee," na jioni ile ile akafungulia spika mpaka mabati yakatetemeka. Yeye alitengeneza biti, yaani mdundo. Mimi nilirekodi waimbaji na kufanya miksi, kazi ya kupatanisha sauti zisimezane.

Studio nyingine zilikuwa na spika za maana. Sisi tulikuwa na magari ya watu. Kila wimbo tuliujaribu kwenye gari lililosubiri matengenezo, injini ikiunguruma, maana wasikilizaji wetu wengi walikuwa madereva. Usiposikika vizuri humo, tunaanza upya. Wasanii walinuna, lakini walirudi.

Miaka ikaenda, masikio ya Sudi yakaanza kufa. Niliogopa sana, kwa sababu bila yeye mimi nilikuwa mtu wa kubonyeza vitufe tu. Fundi Mkuu akanivuta pembeni. "Mwanangu, tafuta mwingine. Huyu kwisha habari yake." Niliporudi nilimkuta Sudi kasimama nje ya pikapu, wimbo unapiga ndani, kiganja kakibandika mlangoni.

"Besi inakuja huku," akasema. Besi ni ile sauti nzito ya chini. "Hizo nyingine sikiliza wewe."

Tukafanya kazi hivyo mpaka tukastaafu. Kustaafu kwetu hakukuwa na sherehe. Simu ziliacha kuita, basi. Nilijua tumeshasahaulika, na iliniuma.

Juzi nilimfuata Sudi kwake Kisarawe, tukapita kwenye studio ya vijana. Nje gari linaunguruma, muziki unapiga, na kijana kabandika kiganja mlangoni.

"Shikamooni," akatuamkia.

"Marahaba. Mkono huo wa nini, mwanangu?"

"Ndivyo miksi inavyopimwa, mama. Tumewakuta wakubwa wetu wanafanya hivi."

Nilitaka kumwambia aliyeanzisha ni nani. Sudi, ambaye sasa hasikii kitu kabisa, hakuningoja. Aliweka kiganja chake kando ya cha kijana, akafumba macho.

"Besi imezidi," akasema.

Kijana akanitazama, kisha akainama ndani ya gari akaipunguza.

"Hapo je, babu?"

Sudi hakumsikia. Kiganja chake kilibaki mlangoni mpaka wimbo ukaisha.