Koti la Baba, Bitana Nje

Ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Wa rika langu wataukumbuka: unga wa msaada, ulionuka gunia hata ukiupika vipi, na sisi watoto tuliuita chakula cha kuku huku tukilamba sufuria. Baba alikufa kabla unga huo haujaisha.

Koti lake nilikuwa sijalifikiria kwa miaka mingi, mpaka juzi mjukuu wangu Akinyi aliponitoa hapa ughaibuni, mtaani kwetu Castle Vale, kwa basi, akanipeleka mjini kwenye jumba la makumbusho kutazama picha za Waitaliano wa kale. Akinyi anazisomea picha hizo chuo kikuu, na nitajisifu, maana mimi niliishia darasa la tatu. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, na hakuna anayepotea.

"Nyanya, usianze na uso. Soma nguo," akaniambia. Buluu ile pichani, akasema, ilisagwa kutokana na jiwe la nchi ya mbali, basi aliyeivaa hakuwa mtu hivi hivi. Yule wa nguo nyeusi na kitambaa cheupe kichwani ni mjane. "Na manyoya waliyavaa kwa ndani, kama bitana. Ona yanavyochungulia kwenye pindo."

Nikamwambia kwamba mama yangu yeye alivaa bitana nje. Tukatafuta benchi.

Kwetu, karibu na Kisumu, mjane alivaa koti la marehemu likiwa limegeuzwa, ndani nje. Siku akirithiwa na shemeji yake, ndipo analivua. Mama alilivaa shambani, sokoni, kanisani. Bitana ilikuwa ya mistari, imechanika kwapani, na mifuko ilining'inia kama masikio ya mbuzi. Wenzangu shuleni waliniuliza kama mama yangu huvalia gizani. Nilikuwa nikipita njia ya nyuma nisionekane naye.

Jumamosi moja alilifua, akalianika, akaingia jikoni. Nikaligeuza upande wa sawa, nikalinyoosha kola, nikidhani nimemsaidia. Kamba yetu ilielekea njiani. Kabla koti halijakauka, kijiji kizima kilikuwa kimelisoma: matanga yameisha, mjane amekubali.

Alasiri akaja baba mdogo, amevaa viatu, jogoo kwapani, na wazee wawili nyuma yake. Mama alipoelewa alinitazama mara moja tu. Hakunipiga. Alilitoa koti kambani likiwa bado majimaji, akaligeuza mbele yao, akalivaa.

Nilimwona mjinga. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya; alikuwa na baiskeli na redio. Mpaka nilipofiwa na mume wangu mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuwa akilia tu miaka yote ile. Mradi yuko matangani, hakuna wa kumgusa, wala wa kuja kupima shamba letu kwa hatua.

"Shemeji," baba mdogo akasema, "utazeeka ndani ya koti la maiti?"

"Koti hili sivui."

Mzee mmoja akacheka, akasema huenda njaa imemziba mama masikio. Aulizwe tena, taratibu. Akaulizwa. Maji yalikuwa yakimchuruzika mpaka miguuni.

"Koti hili sivui."